Kikombe cha Kulia

Gololi ilimponyoka fundi baiskeli, naye hakujua mpaka aliposikia inagonga sakafu. Aliitazama ikibingirika chini ya benchi, kisha akavitazama vidole vyake, vile vidole vilivyolisha nyumba nzima tangu baba yake alipomwachia karakana. Vilikuwa palepale, vimejaa grisi kama kawaida. Ila ncha zake zilikuwa zimekufa ganzi, na leo ganzi haikuondoka hata alipovisugua kwenye aproni.

Tangu asubuhi hakutulia. Alifagia, akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akafagia tena. Kitu kimoja tu hakukigusa: baiskeli ya mwuza mikate iliyoning'inia tumbo wazi, ikingoja ekseli mpya ya katikati na mikono ya pedeli.

"Dada, hiyo sakafu imekukosea nini?" mdogo wake alimtania huku akiziba pancha. "Mwenyewe anakuja saa sita."

"Ziba mpira wako."

Mdogo wake alikuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu, lakini katika karakana ile alikuwa bado wa mipira na rangi. Ekseli ilikuwa ya dada. Aliilinda kwa wivu, na hata sasa, roho ikiwa juujuu, hakuwa tayari kuiachia.

Akapiga moyo konde, akachukua kikombe cha upande wa kulia, kile cha chuma kinachoshikilia ekseli na kukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Kukipachika hakutaki nguvu. Unakiweka mdomoni mwa fremu, unakirudisha nyuma kwanza kana kwamba unafungua, mpaka hesi, ile mikato ya kukazia, zikutane na kikombe kishuke kidogo, mshuko ambao ncha za vidole tu ndizo zinazoupokea. Hapo ndipo unakaza. Ukikosea, chuma kinatafuna chuma, na fremu imekwisha.

Alirudisha nyuma. Hakupokea kitu. Akarudisha tena, jasho likimtoka, kama mtu anayepapasa swichi gizani katika nyumba ngeni. Mwishowe akajiambia kimeshuka, akakamata spana, akakaza.

"Dada, hicho kinalia."

"Nani fundi hapa?"

"Wewe. Lakini kinalia."

Akaacha, akakitoa. Kwenye hesi ya kwanza palining'inia kijisehemu cha chuma, chembamba kama kucha ya mtoto. Uongo ukamjia ukiwa umeiva: fremu hii imechoka, bwana, tafuta nyingine. Mwuza mikate angeamini. Nani angembishia yeye? Kisha angebeba matenga yake kichwani. Fundi aliona aibu kabla hata hajafungua kinywa, aibu ya moto iliyompanda mpaka masikioni.

Akaisafisha hesi kwa mswaki.

"Njoo," akasema. "Nawa kwanza."

Mdogo wake alikuja akimtazama kwa mashaka. "Nifanye nini?"

"Weka kikombe. Rudisha nyuma. Usikaze mpaka kishuke."

Mdogo wake alifumba macho. Kikombe kilizunguka taratibu, na dada yake nyuma akawa anahama mguu huu mguu ule.

"Kimeshuka."

"Una hakika?"

"Nimekisikia mkononi. Shika mwenyewe."

Hakushika. Ilimuuma kulitegemea neno la mtu mwingine kwa kazi yake mwenyewe, lakini hakuwa na lingine. "Kaza. Kinyume, sikiliza, kulia ni kinyume!"

"Najua, dada. Nimekutazama miaka yote hii."

Kikombe kiliingia kimya mpaka ukingoni. Kikafuata cha kushoto pamoja na ekseli, kisha mikono ya pedeli, mmoja ukitazama juu na mwingine chini, boliti zikakazwa sawasawa. Mwuza mikate alipofika aliipanda, akasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, akacheka. "Fundi, umeifufua!"

"Mshukuru huyu," alisema fundi. Lilikuwa gumu kutamka, na lilipotoka alihema.

Walipobaki wawili, mdogo wake hakujigamba. "Tangu lini?" aliuliza.

Alitaka kujitia hamnazo. Akashindwa. "Tangu mvua za mwanzo."

"Daktari amesemaje?"

"Sijaenda. Akisema niache, niwe nani?"

Mdogo wake alinawa mikono. Akaanza kufunga milango. "Badili nguo, twende."

Dada alivua aproni, akavaa shati safi, akageukia ukuta. Alihangaika na kifungo cha mkono. Kikateleza, kikateleza tena. Hapo akageuka, akanyoosha mkono bila kumtazama ndugu yake. Mdogo wake alikifunga, kisha akauomba mkono wa pili.