Filimbi Mbili Chini ya Kikapu

Filimbi mbili zililia kwa pamoja, na Marivel akajua balaa limeingia. Yeye, chini ya kikapu, alikuwa ameinua ngumi ya faulo na kusubiri. Mwamuzi mwenzake, Crisanto, kule katikati ya uwanja, tayari alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili: kosa la beki, kikapu kihesabiwe.

Zilibaki sekunde tatu. Kikapu hicho kikihesabiwa, Bluu, timu ya mtoto wa kapitan, mkuu wa mtaa, inabeba kombe la fiesta, sikukuu ya mtaa. Lakini Marivel alimwona mtoto wa kapitan akimvaa beki aliyekwisha kusimama, mpira ungali mkononi: kosa la mshambuliaji.

Hasira zilimpanda hadi masikioni. Kanuni ilikuwa ya Crisanto mwenyewe, aliyemfundisha kazi hii: inua ngumi, mtazame mwenzako, na tukio la chini ya kikapu ni la aliye chini. Leo mzee kaiona jezi ya mtoto wa mkubwa, kanuni ikamtoka.

Wakakutana katikati. Jukwaani watu waligonga masufuria.

"Niachie hii, binti yangu," Crisanto alisema, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Nimeshaonyesha."

"Umeonyesha bila kunitazama, Ninong. Beki alikuwa amesimama, hakusimama?"

"Kapitan anatuangalia."

"Sijauliza habari za kapitan."

Mzee akashusha sauti. "Mimi ndiye ninong wa ndoa yako, Vel. Niliwasimamia kanisani. Leo uniumbue mbele ya mtaa mzima?"

Hilo lilimchoma kuliko kelele zote. Pale mtu hambishii ninong wake hadharani. Huushika mkono wake, akaugusisha kwenye paji lake la uso kwa heshima, basi. Lakini karatasi ya meza ya wahesabu alama ilisema mwamuzi mkuu ni Marivel, na neno la mwisho ni lake. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana akaileta ndoa uwanjani. Marivel alimchukia kwa hilo, na kumchukia kulimuuma.

"Alikuwa amesimama?"

Crisanto alitazama viatu vyake. "Alisimama."

Marivel akageukia meza, akakifuta kikapu, akaonyesha faulo ya mshambuliaji. Chupa ya maji kutoka jukwaani ikatua karibu na mguu wake.

"Usikanyage tena kwangu," Crisanto alisema. "Wewe na mumeo."

Hasira hazikumtoka Marivel. "Sawa, Ninong. Ila sekunde hizi tatu tunazichezesha wote. Nenda kasimame kwako."