Mlima Uliozidi Goti la Sultani

Ziwa la juu ya Mlima Jabari lilikuwa limepasuka ukingo, na katika nchi ya Kujiona hapakuwa na ruhusa ya kulisema.

Desturi yao ilikuwa hii: kila jambo zito lilichorwa kwanza kwa rangi za mafuta, likapigwa muhuri na kutundikwa barazani, ndipo likaaminiwa, na katika kila picha, kwa amri ya Sultani Ghururi, mlima haukuruhusiwa kuzidi goti lake.

Mchoraji Bayana, ambaye mkewe na wanawe wawili walikaa mji wa Starehe chini ya mlima huo, alipanda akaona ufa, akashuka akauchora. Mlima ulijaza turubai yote, maji yakifumuka kwa ghadhabu, na pembeni chini walikuwapo watu wadogo kama chawa. Akashtakiwa.

"Huyu mdudu mwenye taji ni nani?" akauliza Kadhi Ridhaa.

"Ni Mtukufu Sultani."

"Mbona mdogo hivi?"

"Nimempendelea, Kadhi. Kwa kipimo cha haki asingeonekana."

Baraza likacheka, kisha likakumbuka lilipo, likakohoa.

"Wahamisheni watu wa Starehe leo," akasema Bayana, "kisha nifungeni mpendavyo."

Walitekeleza nusu ya ombi: walimfunga. Mchoraji wa ikulu akairudia picha, mlima ukafika gotini na maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Kwa kuifuata picha hiyo, wakazi wa Starehe waliamriwa kukunja suruali na kuendelea na biashara.

Mkewe Bayana alikuja dirishani pa gereza.

"Baba Idili, watu wanakunja suruali. Na sisi tukunje?"

"Ondokeni, mama! Chukua watoto, mwende ng'ambo!"

"Wewe nawe! Picha yako nimeiona, inatisha kweli. Lakini haina muhuri. Nikihama peke yangu, majirani watasemaje?"

"Waache waseme."

"Nitakuja Ijumaa na chakula," akasema, akaenda zake.

Ukingo ulibomoka Alhamisi asubuhi. Zilichukuliwa nyumba mia tatu na tisa, soko na msikiti. Walikufa watu mia sita na kumi na wanne, na wengi waliopatikana walikuwa wamekunja suruali. Wa nyumbani kwa Bayana walikuwa watatu: mkewe, Idili wa miaka tisa, na Hidaya wa minne.