Hakuna Buibui

Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuamua namba ipi ni ya kweli na ipi ni uongo wa mashine. Tuna mashine kumi na sita katika miji kumi na minne, zimefungwa juu ya mapaa ya zahanati, shule na posta. Kila moja inavuta hewa kwa mrija, inapima lile vumbi laini lisiloonekana kwa macho lakini linaloshuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na kila saa inatuletea namba. Namba ikiwa ndogo, ukurasa wetu unaonyesha kijani. Ikipita mia tatu unaonyesha zambarau, na zambarau maana yake watoto wabaki ndani na wenye maradhi ya kifua wasithubutu kutoka.

Mwaka wangu wa pili pale, buibui aliingia kwenye mrija wa mji mmoja akajenga humo. Namba ikapanda mpaka mia sita. Mkuu wetu wa kitengo, mtu mwema asiyependa kelele, akatangaza hatari. Soko likafungwa, shule zikafungwa, watu wakaziba madirisha kwa mataulo. Fundi alipopanda juu ya paa alimkuta buibui mmoja mnene, ametulia kama mwenye nyumba. Mkuu alichekwa mpaka akachorwa katuni gazetini, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akatuwekea kanuni. Namba ikiruka ghafla kupita mia tatu, na hakuna mashine jirani ya kuithibitisha, futa kwanza, uliza baadaye. Kufuta kulihitaji sahihi moja, yangu. Kurudisha kilichofutwa kulihitaji mbili, yangu na yake. Pengo lililobaki, kompyuta ililijaza yenyewe kwa wastani wa mwezi uliopita. Na kwenye safu ya sababu tuliandika neno moja tu: buibui.

Jumatatu ya wiki ile, mashine ya mji anakoishi mama yangu ilileta mia tatu na arobaini saa kumi na mbili asubuhi, ikaendelea kupanda, halafu adhuhuri ikashuka yenyewe. Mji ule una mashine moja tu. Nikafuta, nikaandika buibui, nikanywa chai yangu. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano vilevile, na Alhamisi alfajiri ikaanza tena, nikaifuta. Buibui gani anayeripoti kazini alfajiri na kutoka adhuhuri? Swali hilo halikunijia. Nilikuwa na miji mingine kumi na mitatu na ripoti ya saa tatu, na kufuta kulikuwa rahisi mno.

Katika mji ule mama anaishi na binti yangu, ambaye anasoma huko. Ana miaka kumi na ana pumu. Mimi mwenyewe nilimfundisha mama kufungua ukurasa wetu kwenye simu kila asubuhi kabla mtoto hajavaa viatu. Kijani, mtoto acheze. Rangi nyingine yoyote, abaki ndani. Mama, ambaye hajawahi kuamini hata saa ya ukutani, aliuamini ukurasa ule kwa sababu ni wa mwanawe.

Jumanne jioni alinipigia. Alisema koo linamwasha, na nguo alizoanika asubuhi zimepata masizi. Nikafungua ukurasa nikaona kijani kutwa nzima. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kijani kile nilikipaka mimi. Nikamwambia huenda ni jirani anachoma taka, hewa yao ni safi. Akasisitiza kidogo. Hapo nikapandisha sauti, jambo ambalo nalijutia mpaka leo, nikamwambia, "Mama, hii ndiyo kazi yangu." Akasema sawa, akanitakia usingizi mwema.

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi, fundi wetu alinipigia kutoka juu ya paa la zahanati ya mji ule. Tunamwita Pua, kwa ukubwa wa pua yake na kwa sababu anadai ndiyo mashine ya zamani kuliko zote ofisini na haijawahi kuhitaji vipuri. Alikuwa ametumwa kwa gari kwenda kumtoa buibui wangu. Kwa kawaida angeanza kwa mzaha. Safari hii hakuanza.

"Dada," akasema, "hakuna buibui."

Nikamwambia aangalie tena. Akasema ameufungua mrija mzima, ni safi kama kikombe. Ila karatasi ya kuchujia, ambayo hutoka na rangi ya kijivu, imetoka nyeusi tii. Upande wa mashariki anaona mabomba mawili ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yakitoa moshi unaolala chini badala ya kupanda. Mlinzi wa zahanati amemwambia wanawasha tangu Jumatatu, alfajiri mpaka adhuhuri. Kipimo chake cha mkononi kilikuwa kinasoma mia nne na kumi na mbili.

Siku ile ilikuwa siku ya mashindano ya mbio ya shule zote za mji, uwanjani, kuanzia saa tatu na nusu. Binti yangu alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima kwa ajili ya mita mia nane. Mama alikuwa ameniambia wataangalia rangi kwanza.

Nikampigia mama. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Mama akiwa kwenye shughuli huiweka simu ndani ya mkoba, na mkoba ndani ya kikapu, wezi wasiuone. Nikapiga shuleni. Karani aliyepokea alikuwa mpole na mwenye subira. Alisema walimu wote wako uwanjani. Nilipomwambia mashindano yasimamishwe kwa sababu ya hewa, akasema wao wanafuata waraka tuliozitumia shule, wameangalia ukurasa saa moja na wameuangalia tena kabla ya kuondoka.

"Ukurasa wenu unasema kijani, dada," akasema. "Sasa mimi nimsikilize nani?"

Nikampigia Pua nikamwomba aache kila kitu awahi uwanjani. Nikamtajia jina la mtoto, nguo atakazokuwa amevaa, na kikapu cha bibi yake. Kisha nikachapisha kurasa za siku nne, namba halisi na namba za kujazia, nikashuka ngazi mbio.

Mkuu alikuwa kikaoni, ghorofa mbili chini. Nilifungua mlango bila kubisha. Watu wanane waligeuka, na mmoja wao kikombe kikamganda mkononi. Nikamwomba Mkuu atoke. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kuelewa kwamba habari ni mbaya na anatamani isiwe yake. Akatoka.

Pale kwenye korido nilimweleza. Alizisoma kurasa polepole, kidole kikifuata mstari, na mimi nikiiangalia saa ya ukutani nyuma ya kichwa chake. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na saba. Akauliza kama kipimo cha mkononi kimesahihishwa mwaka huu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama tunaweza kusubiri namba ya saa nne, tupate uhakika. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mara ile ya buibui pia yeye alikuwa na uhakika.

Nilitaka kumshika kola. Badala yake nikapiga moyo konde nikasema lile nililokuwa nimelikwepa tangu nipokee simu.

"Siku nne namba zilikuwa za kweli, Mkuu. Nilizifuta mimi. Mwanangu anakimbia kwenye hewa hiyo sasa hivi."

Akauliza kama najua kwamba nikirudisha namba zile, jina langu litaonekana kwenye kila mstari, nani alifuta na lini, na kwamba ukurasa ni wa umma, waandishi watausoma kabla ya chakula cha mchana. Nikasema najua. Akasema na kanuni ni yake, hilo nalo watalisoma. Nikasema hilo pia najua. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Nitampa haki yake: mtu yule alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi, na hakutafuta mlango wa nyuma. Akaanza kupanda ngazi mbele yangu, hatua mbili mbili, na umri wake ule.

Kompyuta ilidai sababu kwa kila saa iliyorudishwa. Saa ishirini na mbili, mstari mmoja mmoja. Nikaandika: namba halisi, ilifutwa kimakosa. Nikaandika tena. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho na mara mbili nilikosea neno la siri. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu. Wakati huo Pua akapiga kutoka uwanjani, nikaweka simu mezani isikike.

Alikuwa anahema. Alisema ameingia mpaka kwenye meza ya waamuzi, amewaonyesha kipimo, wao wamemwonyesha ukurasa. Mwalimu mmoja amemwambia kwamba watoto elfu mbili hawarudishwi nyumbani kwa sababu ya mwanamume asiyejulikana aliyeshika kitu kama redio. Nyuma yake nilisikia kipaza sauti kikiwaita wakimbiaji na watoto wakishangilia. Nikamuuliza mita mia nane ni saa ngapi. Akawauliza. Nilisikia mtu akimjibu lakini sikushika maneno.

"Zimeshakimbiwa, dada," akasema Pua. "Ndiyo zilifungua mashindano."

Mkuu akaninyooshea mkono kwenye kiti, maana yake nimpishe. Akaweka sahihi yake. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na moja. Mduara wa mji ule kwenye ukurasa ukabaki kijani kwa muda ambao sitausahau, kisha ukageuka zambarau, peke yake kati ya miji yote. Kwenye simu nikasikia Pua akiwaambia watazame tena. Kisha kipaza sauti kikakatiza shangwe na sauti ya mwanamke ikaanza kuwaambia watoto waondoke uwanjani kwa mstari, bila kukimbia.

Mkuu alishusha pumzi. Akasema tumewahi. Elfu mbili wote, akasema, kama anajihesabia. Mimi sikuwa na elfu mbili, nilikuwa na mmoja, na Pua alikuwa hajamwona.

Nilipiga simu ya mama kwa dakika ishirini mfululizo. Watu waliingia ofisini na kutoka. Mtu aliniletea maji. Simu ya mezani ikaanza kuita, nadhani ni magazeti, Mkuu akaipokea akawa anajibu, ndiyo, siku nne, ndiyo, kwa kanuni yangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la Mkuu nililisikia neno kwa neno kwa miaka minne, na sasa nilikuwa nasubiri kujua nimemvunja nani.

Saa nne na robo mama alipokea.

Walikuwa zahanati, ile ile yenye mashine yetu juu ya paa. Mtoto alianguka mzunguko wa pili, mita chache kabla ya mstari. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Sasa amevalishwa barakoa ya dawa ya mvuke, rangi imerudi, daktari amesema watamlaza mpaka kesho kwa kuangaliwa tu. Mama aliyasema yote hayo haraka haraka, kama mtoto anayejitetea, na mimi nikaketi sakafuni. Yu hai. Nililia bila kuficha, mbele ya Mkuu na mbele ya kila mtu.

Halafu sauti ya mama ikabadilika.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Niliangalia asubuhi, nikaona kijani. Ni macho yangu haya. Nimezeeka, sikuangalia vizuri, nusura nikuulie mtoto."

Ningeweza kunyamaza. Nasema ukweli, wazo hilo lilipita. Angeishi miaka yake iliyobaki akiamini ni macho, na angeniombea dua kila siku kwa kumsamehe.

"Macho yako ni mazima, mama. Ilikuwa kijani. Nilifuta namba mimi, siku nne, pamoja na siku ile uliyonipigia."

Nilisikia mashine ya dawa ikinguruma karibu yake, na mtu akivuta kiti. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitamani anitukane.

"Basi utamwambia mwenyewe," akasema mwishowe, bila hasira. "Maana tangu aletwe hapa anamwomba radhi kila anayeingia, daktari, nesi, mimi, kwamba alishindwa kumaliza. Anasema labda hakufanya mazoezi ya kutosha."

Nikasikia simu ikihamishwa, kisha pumzi fupi fupi zikipita ndani ya barakoa, zikisubiri mimi nianze.