Bendera ya Tatu

Kila asubuhi, kabla wageni hawajashuka kwa kifungua kinywa, nilikuwa na kazi yangu ya bendera. Nazitoa kwenye sanduku moja moja, nazipitisha pasi ya mvuke, nafuta stendi zake za shaba kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha nazipanga kwenye toroli kwa kufuata vyumba. Ni zile bendera ndogo za mezani, ukubwa wa leso ya mkono. Wenzangu wa idara ya karamu waliiona kazi ya kitoto, wakaniachia. Mimi niliipenda. Ukiwa na pasi mkononi hakuna anayekusemesha.

Asubuhi hiyo ya Desemba 2012 nilikuwa nimefika kwenye bendera ya wenyeji wetu wa Qatar, ile ya rangi ya damu ya mzee yenye meno meupe ubavuni, mlango wa stoo ukasukumwa hadi ukagonga rafu. Aliingia Mike, meneja wetu, ameshika bendera kila mkono. Mike ni Mganda, mtu anayekuuliza habari za mama yako hata akiwa na haraka. Siku hiyo hakusalimu. Aliuliza nani aliandaa meza ya chumba cha pili. Nikasema ni mimi.

Akaziweka zile bendera juu ya ubao wa pasi. Alisema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba waziri wa Lemotu ametoka chumbani bila kugusa chakula, kwamba wageni wake nao wameondoka, na kwamba waziri anataka kuletewa mtu aliyemwekea mlezi mezani.

Wiki hizo mji wote wa Doha ulikuwa wa mkutano wa tabianchi. Hoteli za West Bay zilijaa wajumbe, na visiwa vidogo ndivyo vilivyosema kwa uchungu zaidi, kwa sababu bahari ilikuwa inavila. Lemotu kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Kina serikali yake, bunge lake na bendera yake, ya buluu yenye samaki mweupe. Pasipoti watu wake wanabeba za nchi kubwa iliyo kusini yao, kwa mapatano ya zamani, lakini mambo ya nje wanayaendesha wenyewe. Walikuja watu wanne tu, wakakodi chumba chetu kidogo kuliko vyote. Asubuhi hiyo, mapema kabla wengine hawajashuka, walikuwa watie saini makubaliano ya kufungua ubalozi na taifa jingine. Meza ilitakiwa iwe na bendera mbili, ya Lemotu na ya wageni wao.

Zilikutwa tatu. Bendera ya nchi kubwa ilisimama bega kwa bega na ile ya samaki, kwenye stendi ndefu zaidi. Mike alisema kiongozi wa wageni alicheka, akauliza kama wamsubiri kwanza mwenye bendera hiyo aje atoe ruhusa. Waziri akafunga jalada lake, akaondoka na ile bendera ya tatu.

Nilikumbuka meza yangu vizuri. Niliiandaa usiku uliotangulia nikiwa na karatasi ya maelekezo, na niliweka bendera mbili. Nilitaka kusema hivyo. Badala yake nikaanza kunyoosha pindo za zile bendera alizoziweka. Hivyo ndivyo nilivyo tangu shuleni. Nikitazamwa kwa hasira maneno yananikauka.

Mike akasema waziri atarudi baada ya sala ya alasiri, na anamtaka aliyefanya hivyo asimame mbele yake aeleze sababu. Kamera hazikuwemo mle chumbani, wajumbe wenyewe waliomba ziondolewe. Kwa hiyo ni neno langu tu. Halafu akasema lile lililonipooza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Januari, na alikuwa amependekeza jina langu kwa dawati la itifaki, kazi iliyokaribia kabisa nilichosomea. Hawezi kulipeleka jina hilo juu likiwa na jambo hili. Pengine hataweza hata kuuhuisha mkataba.

Baada yangu, mtu mmoja tu huingia chumbani. Kapteni wa zamu ndiye anayekagua meza na kufunga mlango. Usiku ule kapteni alikuwa Shani.

Shani tulilala chumba kimoja kwenye mabweni ya wafanyakazi Abu Hamour, kitanda changu dirishani, chake mlangoni. Alinitangulia Doha kwa miaka mitano na ndiye aliyenifundisha kubeba sahani nne kwa mkono mmoja. Asili yao ni Songea. Baba yake alikuwa askari polisi aliyehamishiwa Unguja, kwa hiyo Shani alizaliwa Mwembeladu, akakulia Ziwani, akamaliza kidato cha nne hukohuko. Akifumba macho akasema, utaapa ni mtu wa Mji Mkongwe. Urojo wake uliushinda wangu. Lakini akiulizwa kwao, husema bara, na husema kwa namna ya kukukata.

Tangu Oktoba, kulipotokea fujo kwetu Zanzibar na tume ya katiba ilipokuwa ikizunguka kukusanya maoni, chumba chetu kiligeuka cha moto. Alinipa jina la Balozi, maana nilikuwa na diploma ya mahusiano ya kimataifa. Akirudi kazini ataniuliza leo Balozi kapokea hati za nani. Siku moja, Kerubo, Mkenya tuliyekaa naye chumba kimoja, alipouliza Balozi ni nani, Shani akamjibu kwamba huyu kasomea mambo ya nje ya nchi isiyo na nje. Kerubo akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nilijifanya nakunja nguo. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Muhadhara wa kwanza kabisa chuoni mwalimu alituambia mambo ya nje ni ya Muungano, kisha akaendelea na somo kana kwamba hajasema kitu.

Nilimkuta Shani pantri, kwenye chumba cha vyombo, anapanga vikombe. Nilisimama karibu na mashine ya barafu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna shida ya chumba cha pili.

Alisema kaisikia. Alisema pia kwamba Mike keshamuuliza, na yeye kajibu meza aliikuta vile ilivyo.

"Da Shani," nikasema, "mie niliweka mbili."

"Karatasi inasema meza ni yako, Balozi. Si unapenda bendera? Leo zimekupenda na wewe."

Sikutegemea. Tulikuwa tukigombana, lakini nilipougua homa mwaka ule ni yeye aliyekuwa akinipikia uji na kunishika kichwa nikitapika. Nilimwambia nitapoteza kazi. Akaendelea kugeuza vikombe, vishikio vyote vielekee upande mmoja. Akaniuliza, bila kunitazama, niliwaza nini nilipokiweka kisiwa kile peke yake.

Nikasema nilifuata karatasi.

"Karatasi tu?"

Haikuwa karatasi tu. Usiku ule nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama ile meza. Samaki mweupe upande huu, wageni upande ule, na katikati maua. Nilikaa nikitazama kuliko kazi ilivyohitaji. Shani alikuwa mlangoni na rundo la vitambaa vya meza, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Uliona raha," akasema. "Nilikuona. Unatabasamu peke yako kama bi harusi."

Hapo nikajua. Alidhani nimeiacha bendera ya nchi kubwa makusudi, kwa siasa zangu, akairekebisha. Kwetu sote wawili kisiwa chenye rais na wimbo wake kikienda nje hukaa chini ya bendera nyingine. Hakuna mtu wa taifa jingine ambaye angefanya kosa lile. Mfilipino angefuata karatasi. Mkenya naye angefuata karatasi. Ni Mtanzania tu ambaye angeiona ile meza na kudhani imepungukiwa.

Nilimwambia aende akaseme hivyo hivyo, ni kosa la nia njema, Mike ataelewa. Akacheka kwa pua. Akasema kapteni akikosea meza ya waziri hashushwi cheo, anarudishwa kwao, na yeye hajui kwao ni wapi. Niliona ni kejeli nyingine kama zile za kila siku, nikaondoka. Mchana kutwa tulipishana kwenye korido kama watu wasiojuana. Kila alipopita na sinia alilisogeza lisinigonge, na kusogeza huko kulikuwa na ubaya kuliko kama angenigonga.

Baada ya alasiri Mike alituita sote wawili. Mimi kama mwandaaji, yeye kama mkaguzi. Waziri alikuwa amekaa chumba kilekile, kwenye meza ileile, safari hii haina kitu juu yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta zito la sufu, maana baridi ya viyoyozi vyetu iliwatesa watu wa visiwani kuliko wote. Ile bendera ya tatu aliishika mapajani, imekunjwa.

Mike aliomba radhi kwa niaba ya hoteli. Waziri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakuja kwa ajili ya hoteli. Aliniuliza mimi, kwa jina lililo kifuani, natoka wapi.

Nikasema Zanzibar.

Inaonekana alipajua. Alisema angetegemea jambo lile kwa mtu wa nchi kubwa, wale hawaoni. Babu yake alikataa kusimama bendera ile ilipopandishwa, akafungwa. Na ilichukua miaka mingi hadi mtu wa Lemotu akae mezani bila kuulizwa nani amemleta. Wageni wa asubuhi sasa wamesema watafikiri upya. Alisema yote hayo kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika zamani na sasa anatumia yaliyobaki.

"Mtu wa nchi kubwa ningemsamehe," akasema. "Lakini wewe. Uliniwekea mimi kile ulichowekewa wewe."

Mike alinikonyeza niombe radhi. Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi chooni. Nikasikia badala yake nasema kitu kingine.

"Sikuiweka mimi."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini wote walinisikia. Mike akaniuliza nani basi. Shani alikuwa amesimama ukutani kwangu kushoto. Sikumtazama usoni. Nilimtazama mikono, alikuwa ameishika nyuma. Nikakumbuka uji. Nikainamisha kichwa.

Waziri akasubiri. Halafu akapumua, akaiweka ile bendera mezani, akaanza kufunga vifungo vya sweta lake.

"Anajua na hasemi," akamwambia Mike, kama mtu anayemaliza hesabu. "Ndiyo maana watu wa kwao husemewa na wengine. Wamezoea."

Ilinipata pale pale. Macho yakaanza kujaa, na aibu yangu kubwa ilikuwa kwamba nitalia mbele yake na kuthibitisha alichosema.

"Usimseme hivyo," Shani akasema.

Alisema kwa Kiingereza, na kwa ukali ambao hata Mike aligeuka. Akatoka ukutani. Akamwambia waziri amtukane yeye anayesema naye akitaka, lakini watu wa Unguja asiwaguse, ni watu asiowajua. Mike akamwita jina lake mara moja, kwa onyo. Shani akaendelea. Akasema bendera ameiweka yeye, Shani, kapteni, usiku, kwa mkono wake, na asubuhi akamdanganya meneja. Waziri akaacha vifungo. Akamuuliza kwa nini.

Shani alifungua mdomo kumjibu. Kisha akanigeukia mimi, akaacha Kiingereza, akasema kwa Kiswahili chetu kile cha Ng'ambo, cha watu waliocheza vumbi moja, huku wale wawili wakitutazama bila kuelewa.

"Kwa sababu nilikuona unatabasamu, Arafa. Mie nimezaliwa Mwembeladu. Nimeitwa chogo, mtu wa bara, tangu darasa la kwanza, na Songea sijawahi hata kufika. Kila nikikutania Balozi, nilikuwa nataka nikuulize jambo moja tu, na nilikuwa naogopa jibu lake. Siku nyinyi mkikaa mezani peke yenu, bendera yenu moja, mtaniambia na mie nirudi kwetu?"