Sombe ya Maji ya Sabuni

Emerance alifagia ua mara mbili asubuhi ile, akapanga viti vitatu kando ya jiko: kimoja chake, kimoja cha Sharifa, rafiki yake tangu utotoni, na kimoja cha mgeni. Mgeni huyo, kijana wa redio aitwaye Mike, alivuka mto Lualaba kutoka mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, akafika Alunguli ng'ambo na kinasa sauti na karatasi ya maswali.

"Mama, pole sana kwa yote," alianza kabla hajakaa vizuri.

"Pole ya nini? Sijasema hata neno."

Mike alitazama karatasi. "Tunatafuta wamama waliopita katika vita. Swali la kwanza: ulilia wapi?"

Emerance alilijua swali hilo. Watu watatu walikwisha kumuuliza, kila mmoja kwa mwaka wake, na wote aliwaeleza habari za mdogo wake aliyeshika njia ya Kibombo asirudi. Ni habari ya kweli, wala hakuona haja ya kuificha. Lakini mwaka jana binti yake Ange, anayesomea uuguzi Kisangani, aliisikia redioni, na tangu siku hiyo simu zake zilibadilika. Alikuwa akipiga kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Mama, umelala? Mama, usibebe maji. Ange, aliyemtania mama yake tangu alipojua kusema, hakumtania tena. Emerance aliutaka utani ule urudi.

"Katika karatasi yako," aliuliza, "iko nafasi ya kucheka?"

Mike aliigeuza, akatazama na upande wa pili. "Hapana, mama. Na wakubwa wangu wataniuliza vita iko wapi."

"Vita iko ndani. Washa."

Mike akawasha.

Mwaka wa pili wa vita, Emerance alisimulia, chumvi iliisha Kindu. Treni haikuja, barabara zilifungwa. Watu walichoma majani ya mtoni, wakatia majivu katika kikapu na kuyamwagia maji, na maji yaliyodondoka wakayachemsha yatoe chumvi ya kijivu. Sabuni nayo ilianza vivyo hivyo, ila kwa majivu ya maganda ya ndizi, na maji yake yalipikwa na mafuta ya mawese. Emerance alitengeneza chumvi, Sharifa sabuni, katika ua mmoja, kwa sufuria mbili zinazofanana.

"Hazikufanana," Sharifa alidakia. "Yangu ilikuwa na mukono."

"Mukono gani, wee! Zote zilikuwa vilema."

Wakati huo Emerance alikuwa akiolewa na Édouard, na mama mkwe alikuwa ametembea siku nne kutoka Pangi. Kwao, bibi arusi hupika peke yake, haruhusiwi kuonja, na mama mkwe hula mbele ya watu ndipo aseme kama amempokea. Mjini walimtisha Emerance kwamba watu wa Pangi, kwenye machimbo, ni wakali, hawasamehe. Mama mkwe naye, huko Pangi, aliambiwa kwamba Waislamu wa Kindu, kama Sharifa, hawali sahani moja na Mkristo kama yeye.

Emerance alipika sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, akamimina maji ya chumvi kutoka sufuria. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumeza tonge la kwanza Sharifa alipoingia mbio.

"Emerance! Umechukua sufuria yangu!"

Mama mkwe alichukua tonge la pili, akalitafuna polepole.

"Nani alipika hii?"

"Ni mimi, mama," alisema Emerance. "Nimekosea. Nimetia maji ya sabuni."

"Niko na meno matatu tu, mutoto wangu. Tangu vita ianze, sombe inanishinda. Hii imeteleza yenyewe." Akasogeza sahani mbele. "Ongeza. Na tumbo nalo litatakata!"

Kisha akamshika Sharifa mkono, akamketisha kando yake, na wakala sahani moja mpaka ikaisha.

"Na sabuni yangu," alisema Sharifa, akijifuta machozi ya kicheko, "kwa ile chumvi ya sufuria yako ikawa ngumu kama jiwe. Tulifulia mwezi muzima!"

Mike alicheka mpaka karatasi ikamdondoka. Alipoiokota, alisita. "Sasa na kulia, mama?"

"Tulilia sana. Kwa mdogo wangu bado ninalia. Siku ile tulicheka. Weka zote mbili, usikate moja."

Mike hakuahidi kitu. Lakini Jumapili, watu wa Alunguli walisikia kicheko cha Sharifa kikitoka redioni, na mdogo wake Emerance akitajwa, na sombe, bila kukatwa hata kidogo.

Jioni ile simu ililia. Emerance aliisogeza sikioni akingojea ile sauti ya chini.

"Mama! Kumbe ulitaka kuua koko, mama yake baba, kwa sabuni?"

"Nani, mimi? Alikula sahani mbili! Uliza baba yako."

"Nitamuuliza. Likizo ninakuja, na jikoni ninaingia mimi, maana mkono wako sasa tunaujua. Wewe utabeba maji."

"Nitabeba, dokta," alisema Emerance, naye tayari alikuwa amesimama, akicheka peke yake, akitafuta ndoo.