Tochi Mbili za Ghala la Sufi

Mwinshehe alijipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe, na tena kwa furaha.

Ghala la sufi pale Chang'ombe lilikuwa refu, halina hata dirisha moja, na lilikuwa na walinzi wawili: Mwinshehe mlangoni, na shemeji yake Hija kule nyuma. Hija ndiye aliyemwoa Mwajabu, dada yake Mwinshehe, na nyumba yao ya Temeke ilikuwa na watoto sita. Mwezi ule wezi walipenya nyuma wakaondoka na marobota manne. Hija aliapa kwamba aliwasikia, lakini tochi ya kampuni ilimulika hatua kumi tu, kisha ikazima.

"Tochi haina kosa," alisema Audax, karani wa ghala, kijana wa Bukoba aliyepiga pasi suruali yake hata siku za mvua. "Mlinzi ndiye aliyelala."

Kibarua cha Hija kilikuwa kinaota nyasi hivihivi watu wanaona. Mwinshehe hakuvumilia.

"Bwana Karani, mie nina miaka kumi na moja na tochi mkononi. Leteni mpya, niipime na hii mbele ya Bwana meneja. Hii ikishindwa, Hija hana kosa."

Bwana meneja alikubali. Ikaagizwa tochi mpya mjini, ndefu, nzito, ya kumeza mawe matano ya betri, wakati ile ya zamani ilikuwa bati jepesi la mawe mawili. Siku ya kupima, Mwinshehe aliyaanika mawe yote saba juu ya paa tangu asubuhi yapate moto wa jua, kama walinzi wote walivyozoea, asije mtu akasema tochi moja imependelewa. Adhuhuri wakafunga milango ya ghala. Giza likawa zito mchana kweupe.

Kwanza uimara. Mwinshehe aliziangusha zote mbili kwenye sakafu ya saruji. Ile ya zamani ilizima palepale, ikawaka tena baada ya kupigwa makofi mawili. Mpya ilidunda, ikabingirika, ikaendelea kuwaka. Akazitumbukiza ndooni. Ya zamani ilitoka imekufa, ikabidi ifunguliwe na kufutwa kwa kanzu. Mpya haikujali.

Kisha mwanga. Ya zamani ilifika kwenye nguzo ya pili ikachoka. Bwana meneja akatikisa kichwa, Audax akainamia daftari lake, na Hija, aliyesimama pembeni bila kofia, akashusha pumzi. Jambo lilikuwa limekwisha. Hapo ndipo Mwinshehe angefunga mdomo wake akaenda zake kula.

Lakini mtu mzima alishavikwa kilemba cha ukoka. "Fundi wa tochi huyu," Bwana meneja alisema, na Mwinshehe akavimba. Akasimama mlangoni, akawasha ile mpya, akaielekeza mpaka ukuta wa mwisho. Ghala zima likajitokeza. Akaanza kusoma kwa sauti alama zilizopigwa chapa kwenye marobota ya nyuma kabisa, moja baada ya nyingine, maana alikuwa amejifunza kusoma ukubwani na hakupata watu wengi wa kumsikiliza.

"Wewe naona yote kutoka hapa?" Bwana meneja aliuliza kwa Kiswahili chake kibovu. "Mpaka nyuma?"

"Yote, Bwana! Hata panya hapiti."

Bwana meneja alimwambia Audax kitu kwa Kiingereza. Audax akaandika.

Jumamosi Hija aliitwa ofisini. Audax alimsomea barua, na kwa haki ya Mungu barua ilikuwa nzuri: Hija hakulala, kosa lilikuwa la tochi, jina lake halina doa. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kwa kuwa mlinzi mmoja sasa anaona ghala lote akiwa mlangoni, mlinzi wa nyuma hahitajiki tena. Hija akavua koti la kampuni, akalikunja, akaliweka mezani.

Mwinshehe alikwenda Temeke jioni ileile. Mwajabu alimfungulia, akampa kigoda, akaingia ndani bila kumwamkia, yeye ambaye tangu utotoni hakuwahi kuiacha shikamoo ya kaka yake. Hija alikuwa barazani anamenya mihogo.

"Wallahi sikujua, shemeji," Mwinshehe alisema. "Nilitaka wakuone huna kosa."

"Wameniona."

"Sasa mie ningefanyaje? Bwana aliniuliza mbele ya watu."

Hija aliendelea kumenya mpaka mhogo ukaisha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mwinshehe kuliko matusi.

"Ungesema tu huoni," Hija alisema.