Mlima Aliouua Muthoki

Kazi ya Muthoki ilikuwa kuua miti, na aliifanya akiwa amekaa kitini. Ndivyo majirani zake wa Buruburu, Nairobi, walivyomtania, na utani wao haukuwa mbali na ukweli. Kampuni ilimtumia picha za misitu zilizopigwa na ndege kutoka juu kabisa. Akiona mti uliokauka, anauzungushia duara jekundu na kuuandika: mfu. Kompyuta ilijifunza kutoka kwake. Akikosea yeye, nayo inakosea, tena kwa bidii.

Asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amemwandika mumewe hivyohivyo, ila kwa mdomo.

Bwire alikuwa dereva wa watu wa kampuni waliokwenda kuihakiki miti kwa macho. Mwaka juzi, katika vilima vya upande wa Kibwezi, alishuka garini akaenda kujisaidia, na hakurudi. Alitafutwa hadi mbwa wa polisi wakachoka. Sasa jamaa zake wa Busia walitaka kumaliza matanga. Walitaka kuzika mgomba mahali pake, kama wanavyofanya maiti isipopatikana, ili roho itulie. Lakini kwao mgomba hauzikwi mpaka mke atoe neno, na walikuwa wamembembeleza mwaka mzima. Alikuwa amechoka, jamani. Mtu huchoka hata kutumaini. Baba mkwe alipopiga simu alfajiri, Muthoki alimwambia, "Sawa, Baba. Mzikeni."

Kisha akafungua kompyuta ili asifikiri, na picha alizopangiwa zikawa za vilima vilevile. Aliviua vyote kabla hajanywa chai.

Musau, aliyekuwa akiikagua kazi yake kutoka mtaa wa Lucky Summer, akapiga simu akicheka.

"Niaje Muthoki? Umeua mlima mzima!"

"Si miti imekauka? Haina hata jani."

"Haijadedi, imelala. Kiangazi kule kwetu Ukambani miti inamwaga majani, inangoja mvua. Susu yako, yule nyanya wa kijijini, akisikia atalia. Wewe ni Mkamba wa Buruburu tu, haki."

Muthoki, aliyezaliwa Makadara, jijini, na kuijua Ukambani kwa mazishi tu, alisogeza kiti karibu na kompyuta. Musau akamtumia picha za mahali palepale, zilizopigwa baada ya mvua. Ee, kweli. Miti aliyoiandika mfu ilikuwa imejaa majani mabichi, mteremko mzima.

Isipokuwa mmoja. Ulikuwa mwembamba, hauna tawi hata moja. Katika picha ya kiangazi ulisimama kando ya korongo. Katika picha ya mvua, pale korongoni palikuwa patupu, na mti wenyewe ulikuwa nje ya msitu, karibu na reli.

"Picha zimepishana kidogo," Musau alisema. Hakuwa anacheka tena.

Hazikuwa zimepishana. Muthoki alilinganisha mawe, akalinganisha miti mingine, na vyote vilikuwa palepale. Akafungua picha ya mwisho, ya juma lile. Kitu kile kilikuwa kimefika barabara kuu, upande wa kuja Nairobi, na kivuli chake kilikuwa na mabega.

Alimkatia Musau simu, akapiga Busia.

"Baba, simamisheni! Nimekosea. Msizike."

"Mwanangu, tumeshafukia. Ule mgomba ulikuwa mzito ajabu. Vijana walishindwa kuubeba, ikabidi tuuburute. Sasa nisikilize. Ulishatoa neno, na neno hilo halirudi. Yeyote atakayekuja na sura yake, usimkaribishe. Atakayemkaribisha atamfuata kaburini."

Muthoki aliweka simu mezani. Nje jua la mchana lilikuwa kali, na watoto waliokuwa wakipiga kelele na mpira walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Bwire, lakini nzito, ya mtu aliyejazwa udongo kinywani. Muthoki alijua ni neno lake mwenyewe lililoutia udongo ule. Aliogopa, na bado alimpenda mtu yule kuliko alivyojipenda mwenyewe. Mdomo wake uliofanya haraka asubuhi sasa ulikuwa umekauka.

"Hodi."

Chini ya mlango udongo mbichi ulikuwa unaingia taratibu, ukitapakaa juu ya simiti. Hodi ya tatu isipojibiwa mgeni huenda zake. Hilo hata mtoto analijua. Angengoja tu, basi, yaishe.

"Hodi," ikaja ya tatu, dhaifu, ya mtu ambaye ameshaanza kugeuka.

Muthoki akavuta komeo.

"Karibu, Bwire," akasema. "Karibu nyumbani."